Akiba ya Marehemu Joash

Foleni ya dirisha la nne ilikuwa ya wazee watupu, na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki vilivyounganishwa kwa chuma, na kila mmoja alipoitwa dirishani wengine wote waliinuka, wakasogea kiti kimoja mbele, wakaketi tena huku wakishikilia magoti. Mama mmoja aliyekuwa na chupa ya maji aliipitisha kwa wenzake bila kuombwa. Ilirudi kwake ikiwa tupu, naye akaiweka mkobani kana kwamba ilikuwa bado imejaa.

Dalmas Okinyi alikuwa kiti cha sita. Alikuwa ametembea kutoka Lavington hadi katikati ya jiji tangu alfajiri ili nauli ibaki ya kurudia, na viatu vyake vya Jumapili vilikuwa na vumbi. Mapajani alishika bahasha ya kaki kwa mikono miwili.

Mzee wa pembeni yake, aliyejitambulisha kuwa Ndambuki, alikuwa amepita themanini na alipenda kuongea. Alisema yeye alianza kukatwa pesa za uzeeni wakati mpango wenyewe ulikuwa mchanga. Karani wa kiwanda alikuwa na kadi ya kila mfanyakazi, na kila mwezi alibandika stempu juu yake, kama barua.

"Nusu umekatwa wewe, nusu ametoa tajiri," alisema. "Sisi tulikuwa tunacheka. Tulisema, hawa sasa wanakula mshahara wetu kwa stempu. Nani alikuwa anafikiria uzee? Mimi nilikuwa nacheza namba saba."

"Na zilikusaidia?" Dalmas aliuliza.

"Zilijenga paa. Ndiyo hiyo inanifunika mpaka leo." Ndambuki aliitazama bahasha ya kaki. "Yako utafanyia nini?"

Dalmas alimweleza kwamba mwajiri wake alikuwa amefariki mwaka uliopita, kwamba watoto wameuza nyumba ili pajengwe maghorofa, na kwamba yeye na mkewe walikuwa wamepewa mpaka mwisho wa mwezi kuhama kile chumba cha nyuma walichoishi. Nyumbani Ugenya alikuwa na kuta tu. Pesa hizi zingezipa kuta mabati na mlango.

"Utapata," Ndambuki alisema. "Hii si ya kuomba. Ni jasho lako."

Dalmas aliitikia kwa kichwa, lakini hakumtazama usoni.

Dirishani alikuwako mwanamke wa miaka arobaini hivi, kibao cha jina kikisema Nanyama. Alizipanga karatasi, akaandika namba kwenye kompyuta, akatazama kitambulisho, akarudia kutazama kompyuta.

"Mzee, hii namba ni ya Joash Okinyi. Kitambulisho yako inasema Dalmas Okinyi."

"Ndiyo."

"Joash ni nani wako?"

"Ndugu yangu mkubwa. Lakini aliyefanya kazi ni..."

Nanyama aliinua kiganja. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Mzee, usinimalizie hiyo. Ukisema hapa dirishani, mimi lazima niandike. Nikiandika inaenda ghorofa ya juu, na huko hawatakuuliza mambo ya pesa tena. Watakuuliza mambo ya kitambulisho. Tunaelewana?"

"Tunaelewana, mama."

"Huyo Joash yuko wapi?"

"Alifariki. Huu ni mwaka wa nne."

"Aliacha bibi?"

"Rachael. Na watoto watatu."

Nanyama alivuta kalamu. Alikuwa ameona watu wa namna hii wengi kuliko alivyopenda, wazee walioazimana vitambulisho ujanani kama watu wanavyoazimana koti la kwenda arusini. Alichukua kipande cha karatasi akaandika kwa herufi kubwa, polepole. Mke wa marehemu alete cheti cha kifo na cheti cha ndoa au kiapo. Alete pia barua ya chifu yenye majina ya wote waliomtegemea marehemu. Pesa zingegawanywa sawa kwa kufuata barua hiyo.

"Ni hiyo njia tu iko," alisema, akamrudishia bahasha kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkwe wake chakula.

*

Mambo yenyewe yalikuwa madogo yalipoanza. Mwaka wa tisini na saba Dalmas aliahidiwa kazi ya shamba, ya kutunza bustani, kwa Bwana Ephantus Waithaka, aianze Jumatatu. Ijumaa chumba alichokodi kikaungua pamoja na kila karatasi aliyokuwa nayo. Kupata kitambulisho kingine kungechukua miezi. Joash, ambaye alikuwa seremala, alitoa chake mfukoni akasema, "Enda na hii. Nani atatazama picha?" Hakuna aliyetazama. Bwana Waithaka alikuwa mtu wa utaratibu, hakuwa kama majirani zake walioajiri watu kwa mdomo. Wiki hiyohiyo alimwandikisha mtu wake wa shamba katika akiba ya uzeeni na akamlipia nusu yake kila mwezi, bila kuruka hata mmoja, kwa miaka ishirini na minane. Ulikuwa wema mkubwa. Ulipofika, ulimkuta Dalmas akiitwa Joash, na kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kusema.

Peres, mke wa Dalmas, alikuwa ameketi mlangoni mwa kile chumba cha nyuma, mguu wenye nyonga mbovu ukiwa umenyooshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake bustani ilikuwa imeanza kuota ovyo. Wanunuzi walikuwa wamesema nyasi zisikatwe tena, ni kupoteza nguvu, na Dalmas alikuwa akizitazama kila asubuhi kama mtu anayetazama mtoto ambaye hajanawishwa uso.

Peres alisoma kile kipande cha karatasi mara mbili.

"Kwa hiyo pesa yako iko kwa Rachael."

"Haiko kwa Rachael. Iko ofisini."

"Iko ofisini kwa jina la bwana ya Rachael. Hiyo ni nini, Baba Lornah?"

Dalmas alichukua ile karatasi akaikunja. Peres akasema basi waende kwa Debra, binti wa marehemu Bwana Waithaka. Debra ndiye aliyetafuta faili la michango katika makabati ya baba yake, akapiga kopi ya kila ukurasa, akaja nalo kutoka mtaa wa Karen yeye mwenyewe badala ya kumtuma dereva. Debra alifundishwa kuendesha baiskeli na mtu huyu huyu, kwenye nyasi hizi hizi. Angeandika barua aseme aliyefanya kazi ni nani.

"Siwezi kumwambia Debra."

"Kwa nini huwezi?"

"Unajua kwa nini."

Alijua. Joash alipofariki, Dalmas alisimama kwenye mlango wa jikoni wa ile nyumba kubwa, akataka kuomba ruhusa ya mazishi, na mdomo ukakataa. Angesemaje kwamba Joash amekufa? Joash alikuwa amesimama pale pale na makasi ya maua mkononi. Akasema amefiwa na ndugu yake. Bwana Waithaka akavua kofia, akauliza jina la marehemu, na Dalmas, kwa kukosa jina jingine, akataja lake. Alipewa siku kumi na nauli. Debra alilia, akaagiza shada kubwa la maua lenye utepe mweupe ulioandikwa DALMAS, PUMZIKA. Dalmas alilibeba lile shada hadi kituo cha basi, na huko akaukata utepe kwa kisu, akautupa kwenye mtaro, kabla Rachael hajauona. Wazee wa kwao wangesikia kwamba alijitangazia kifo kwa mdomo wake, wasingempa hata kigoda.

"Alinililia," alisema sasa. "Nitaenda nimwambie nini? Kwamba yule uliyemlilia ndiye mimi, na naomba barua?"

Peres hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka.

"Wewe ndiye mtu wa pekee hapa Nairobi amechangiwa mazishi na bado anaongeza ugali."

Naye Dalmas akacheka, wakacheka wote wawili mpaka Peres akashika nyonga. 

"Basi ni Rachael," Peres alisema. "Na Rachael yeye hatupendi sisi."

*

Rachael alikuwa akikaanga samaki Kawangware, kwenye kibanda cha mabati kilichotazama barabara. Alipomwona shemeji yake akija amevaa viatu vya Jumapili siku ya Jumanne, alijua ni shida. Hata hivyo alimsukumia stuli, akafuta meza, akamwekea samaki mdogo na kipande cha ugali bila kumuuliza kama ana njaa. Alingoja amalize. Hakuwahi kumuuliza mtu habari akiwa hajala.

Dalmas alieleza. Alieleza vibaya, akaanzia katikati, akarudi nyuma, akaweka kile kipande cha karatasi mezani penye mafuta kisha akakiinua upesi. Rachael aligeuza samaki. Wateja wawili walikuja wakaenda. Alipomaliza, mwanamke yule hakuonekana kushangaa, na jambo hilo lilimtia Dalmas hofu.

"Ni ngapi?"

"Laki mbili na elfu tisini na kitu."

"Na unataka niende kwa hiyo ofisi niseme ni ya bwanangu. Halafu nikipewa nikuletee."

"Naomba hivyo, shemeji."

Rachael alipunguza moto wa jiko. Alikaa kwenye ndoo mbele yake, karibu, ili asilazimike kupaza sauti.

"Unakumbuka Joash akifanya Parklands, kwa yule Mhindi wa fanicha?"

Alikumbuka. Ilikuwa kazi nzuri, ya kutengeneza makabati ya jikoni. Ilidumu miaka saba.

"Unajua alikuwa kibarua hiyo miaka yote saba?"

"Kibarua? Si alikuwa fundi mkuu?"

"Fundi mkuu, kibarua. Yule Mhindi alitaka kumwandikisha. Wakaenda kwa hiyo ofisi, kompyuta ikasema Joash Okinyi yuko tayari, anakatwa kutoka Lavington. Wakamwambia, leta barua ya Lavington tuunganishe. Joash akarudi nyumbani. Nikamwambia, enda basi kwa Dalmas mpange. Akasema akienda huko kutakuwa na maswali, na utafutwa." Alisema haya bila hasira, kama mtu anayesoma. "Akaambia Mhindi hataki kuandikishwa. Akasema anapenda pesa yake yote mkononi. Mhindi akamwona mjinga. Kibarua hana akiba, hana bima, hana likizo. Alipoanza kutapika damu alikuwa na mikono yake tu."

Dalmas alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mteja wa tatu alikuja akauliza bei, na Rachael akamwambia arudi baadaye.

"Hakuniambia," Dalmas alisema.

"Alinikataza nikuambie."

"Miaka saba?"

"Na ile ya hospitali. Nilikuja kwako mara mbili, unakumbuka? Ukanipa elfu tatu, na mara ya pili ukanipa elfu mbili. Nilikuwa nakutazama ukihesabu, na nilitaka kukuambia. Nikaheshimu mgonjwa."

Dalmas alilia hapo kibandani, mchana, watu wakipita. Hakulia kwa sauti. Machozi yalipita tu kando ya pua yake na yeye hakuyafuta, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mafuta. Rachael alimtupia kitambaa chake cha begani. Akainuka kugeuza samaki.

"Muga amesimamishwa chuo kwa karo, mwaka wa pili," Rachael alisema hatimaye. Muga alikuwa kifungua mimba wake. "Na hao wadogo wako shule. Sitakudanganya, shemeji. Hiyo pesa ikikuja kwa mkono yangu, sijui kama mkono itafunguka. Enda. Alhamisi kuja kwa chifu saa nne, tutaona Mungu atanipa kusema nini."

*

Peres hakulala vizuri siku zile mbili. Hasira ilimpanda na kushuka. Alisema Joash aliamua mwenyewe, hakulazimishwa. Alisema Dalmas ndiye aliyekatwa mshahara, Dalmas ndiye aliyeinama kwenye jua. Halafu aliinuka, akachukua sufuria yake nzuri, ile yenye mfuniko wa kioo, akaifunga kwenye leso.

"Mpelekee Rachael. Mwambie nimeshindwa kuihamisha."

Alhamisi walikwenda wote wawili, polepole kwa sababu ya nyonga. Ofisi ya chifu ilikuwa na benchi moja nje, na kijana aliyekuwa amelilala aliinuka alipomwona Peres, akampisha. Peres alikaa na sufuria mapajani. Rachael alifika na bahasha yake, akaipokea ile sufuria, akaitazama, akairudisha mapajani mwa Peres.

"Niwekee kwanza," alisema, na wakaingia ndani, yeye na Dalmas.

Chifu alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua. Alisoma cheti cha kifo, akamtazama Rachael juu ya miwani.

"Pole, mama. Marehemu alikuwa anafanya kazi wapi?"

"Lavington," Rachael alisema. "Mtu wa shamba."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshikana. Kwa neno hilo moja seremala aliyetengeneza makabati ya nusu ya Parklands aliondoka duniani mara ya pili, na aliyemwondoa ni mkewe. Dalmas alitazama sakafu.

"Miaka?"

Rachael hakujua. Dalmas akasema, "Ishirini na minane."

Chifu akakilinganisha cheti na kopi za michango. "Mbona amekufa miaka minne iliyopita na michango inafika mwaka jana?"

Rachael na Dalmas walitazamana. Kwa hesabu hiyo hawakuwa wamejiandaa. Wote wawili walikuwa wamefikiria jina, hakuna aliyefikiria tarehe. Chifu alingoja, akapenga kamasi, akamtazama Rachael, akamtazama Dalmas, viatu vyake, mikono yake iliyojaa makovu ya miiba. Aliitazama mikono ile kwa muda. Kisha aliweka kalamu chini, akaenda dirishani, akafunga kioo ambacho hakikuwa na haja ya kufungwa.

"Mimi hapa naombwa barua ya warithi," alisema alipoketi. "Siombwi hesabu ya michango. Hiyo miaka minne ya mwisho ofisi wataikataa, hiyo mjue. Watamrudishia aliyetoa. Sana sana mtabaki na kama laki mbili. Sawa?"

"Sawa," Rachael alisema.

Pesa zilizolipwa miaka minne ya mwisho zingekwenda kwa watu wa Waithaka, kwa Debra, ambaye hangejua ni za nini. Dalmas alihesabu kichwani, akaacha kuhesabu.

"Majina ya waliomtegemea."

Rachael alitaja lake. Akataja Muga, akataja wale wawili wadogo na tarehe zao za kuzaliwa. Chifu aliandika manne hayo, akachora mstari chini.

"Ni hao tu?"

Nje, Peres alikohoa. Rachael aliutazama ule mstari. 

"Kuna huyu," alisema. "Ndugu yake mdogo. Dalmas Okinyi. Alikuwa anamtegemea."

Chifu aliandika namba tano. Utaratibu ulimtaka aulize, naye akauliza, bila kuinua macho. "Mzee, ulikuwa unamtegemea marehemu kwa kitu gani?"

Dalmas alifungua mdomo. Alikuwa na miaka sitini, hajawahi kumtegemea mtu yeyote tangu alipoota ndevu, hivyo ndivyo alivyojijua mpaka Jumanne ile.

"Alinisaidia kupata kazi," alisema. "Yeye akakosa ya kwake."

Chifu aliandika, akagonga muhuri.

Walipotoka, Rachael alichukua sufuria kutoka mapajani mwa Peres safari hii, akaiweka kwapani, akasema samaki wake wanaungua, akaenda. Dalmas aliketi mahali alipokuwa ameketi yule kijana. Alimweleza mkewe kwamba pesa zimegawanywa mafungu matano na kwamba wao wana moja, kama elfu arobaini, ikiwa ofisi haitapata swali jingine.

Peres alipapasa goti lake.

"Mabati hayatoshi," alisema.

"Hayatoshi."

"Umemshukuru?"

"Nimemshukuru."

"Ametusaidia."

"Ametusaidia," Dalmas alisema.

Alimshika mkono akamwinua. Kulikuwa na chumba cha kupanga nyuma ya soko, cha udongo, ambacho walitaka kukiona kabla hakijachukuliwa, na mwenye nyumba alikuwa amesema anataka mtu mwenye kazi. Njiani Dalmas alitazama juu ya kuta za watu, akitafuta ua wa michongoma ambao ulikuwa haujakatwa, apate pa kuombea kazi.